Maua Kwanza, Mizinga Baadaye
Hotuba ya mgeni rasmi katika kufunga mafunzo ya ufugaji nyuki

 

Nimeisikiliza kwa makini risala yenu, wanavikundi wa Kinondoni na Temeke. Ombi la kwanza ndani yake ni mizinga zaidi, na naelewa kwa nini, maana mzinga unahesabika na unapigwa picha siku ya makabidhiano. Hata hivyo, kwa pembezoni mwa Dar es Salaam, mzinga ndio uwe wa mwisho kununuliwa. Kilichopungua kwetu ni chakula cha nyuki, na kundi lenye njaa haliokolewi na mbao nzuri wala malkia mzuri.

Vitabu vingi vya ufugaji nyuki vimeandikwa kwenye nchi zenye majira ya baridi kali. Nyuki wa huko hujaza ghala, hujikusanya kumzunguka malkia na kula akiba kwa miezi hadi maua yarudi. Sisi hatuna theluji, lakini tuna njaa mbili. Ya kwanza ni kiangazi cha Januari na Februari, na hiyo kila mtu anaiona. Ya pili ni masika yenyewe, na hii ndiyo inayotudanganya: kila mahali pamekuwa kijani, kumbe mvua ya mfululizo imewafungia nyuki ndani na kuosha mbochi kwenye maua. Umoja wa Mataifa uliamua mwaka 2017 kwamba tarehe 20 Mei iwe Siku ya Nyuki Duniani. Wakati huo Ulaya maua yamefurika. Sisi masika ndiyo yanaisha, na kundi lililobaki mzingani mara nyingi limechoka. Nyuki wetu wana dawa yao ya njaa, nayo ni kuhama. Hawangoji kufa. Mfugaji anakuta mzinga mtupu, nondo wa nta wameshaanza kutafuna masega, na lawama zinamwangukia fundi seremala.

Ndani ya mzinga, njaa huonekana kwanza kwa malkia. Mbochi na chavua vikiingia kwa wingi anaweza kutaga mayai zaidi ya elfu moja kwa siku. Vikikatika, nyuki vibarua wanampunguzia chakula naye anapunguza kutaga. Mfugaji anayeona mayai machache huamua haraka kwamba malkia amezeeka, atafutwe mwingine. Tafadhali msiharakishe. Inueni sega la majana, yaani mayai na watoto wa nyuki, mlielekeze kwenye jua, mtazame chini kabisa ya kila chumba. Yai la siku ya kwanza husimama wima, la siku ya tatu limelala. Mkiliona lililosimama, malkia alikuwepo jana au leo, hata kama hamkumwona kwa macho. Mkimwondoa wakati wa njaa, mnalitia kundi hatarini, kwa sababu malkia mpya huchukua siku kama 16 tangu yai hadi kutoka chumbani, kisha lazima aruke nje kukutana na madume wengi. Na kundi lenye njaa ndilo linalofukuza madume yake. Mtakuwa mmemlea bibi harusi katika mtaa usio na wanaume. Kazi ya malkia ifanyike wakati wa maua: hapo ndipo ligawanywe kundi lenye nguvu lililojenga vyumba vya malkia, kabla halijajigawa lenyewe na kuondoka.

Wapo watakaosema kwamba nyuki hana mipaka, anaruka kilomita kadhaa, atajitafutia. Ni kweli anaruka, lakini kila kilomita inalipiwa kwa asali, na swali ni anarukia wapi. Miembe na mikorosho ya Bunju, Mabwepande na Chamazi inakatwa kila shamba linapopimwa viwanja. Mnazi, ambao hutoa maua mwaka mzima, tunauangusha kwa ajili ya ukuta wa uzio. Hazina kubwa iliyobaki ni mikoko ya Kunduchi, Mbweni na ile inayoandama Mto Mzinga huku Temeke. Mti wa mchu hasa ni mti wa asali, nao bado unakatwa kwa kuni. Mikoko ni misitu ya hifadhi. Kikundi kinachoweka manzuki, yaani mizinga yake, pembeni mwa misitu hiyo kwa makubaliano na Wakala wa Huduma za Misitu kinapata chakula cha nyuki, na msitu unapata walinzi wenye sababu ya kuulinda.

Wengine watasema tuwape sukari. Maji ya sukari yanaweza kulivusha kundi siku chache za mvua, lakini hayana chavua, na majana hayakui bila chavua. Yakimwagika huita sisimizi, na yakibaki kwenye masega mkayauza kama asali, mteja hatarudi. Akiba bora ni asali yao wenyewe. Najua ada za shule hazingoji, na sega lililoachwa mzingani linauma moyo. Lakini mzinga uliohamwa hautoi hata kijiko msimu ujao, na kundi jipya linaweza kuchukua miezi kuingia.

Hoja ya kuagiza malkia wapole kutoka nje naipinga kabisa. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazili, Warwick Kerr, alichukua malkia Afrika, wakiwemo wa Tabora, akawapeleka kwao. Mwaka uliofuata makundi 26 yalitoroka, na kufikia mwaka 1990 uzao wao ulikuwa umefika Texas, Marekani. Katika joto, nyuki wetu walimshinda wa Ulaya ugenini. Hapa nyumbani, mabinti wa malkia mgeni watapandana na madume wetu na upole utayeyuka, huku magonjwa yaliyokuja naye yakibaki. Hofu ya majirani kuhusu kuumwa ni ya haki, na jibu lake ni kutowaweka nyuki wakali karibu na nyumba, shule wala njia. Mwenye uwanja mdogo wa Mbagala afuge nyuki wadogo wasiouma. Asali yao ni kidogo, lakini hawamfukuzi mtoto wa jirani.

Kwa hiyo ombi lenu la mizinga sijalikataa. Naomba litanguliwe na karatasi moja. Kila kikundi kiandike kalenda ya maua ya mtaa wake, mwezi kwa mwezi: mti gani unachanua, iko mingapi, iko kwa nani. Mwezi utakaobaki mtupu ndio utakaotuambia tupande nini na mizinga mingapi eneo linaweza kubeba. Mpelekeeni ofisa nyuki wenu kalenda hiyo, na mimi nipatieni nakala, tuanze nayo kuomba miche kabla ya vuli.

Baada ya kusema hayo, natamka kwamba mafunzo haya yamefungwa rasmi.