Mali Bila Daftari: Tunusuru Picha na Karatasi za Kihonda

 

Mwaka huu tunaomba mchango kwa kazi isiyohitaji tofali wala bati. Tunataka kunakili kwenye kompyuta picha, majalada ya santuri, matangazo ya dansi, kalenda, tiketi za mpira na vitambulisho vya kazi vilivyomo ndani ya masanduku yetu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nyimbo za Salum Abdallah na Cuban Marimba, na za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, bado zinasikika. Nyingine zimetolewa upya hata Ulaya. Lakini tangazo lililobandikwa ukutani, tiketi ya mlangoni na picha ya waliocheza usiku ule vimebaki kwa waliovitunza tu. Salum alifariki mwaka 1965, Mbaraka mwaka 1979. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 kwenye dansi la Salum sasa amefikia au amevuka miaka 80.

Vivyo hivyo kwa viwanda vilivyoleta familia nyingi hapa kwetu. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kinatajwa kwenye vitabu vya uchumi kama mfano wa mradi ulioshindwa. Vitabu hivyo vinaeleza mkopo na mashine. Sura za waliokaa kwenye mashine hizo ziko kwenye vitambulisho na picha tulizonazo nyumbani, na huko mchwa, mende na unyevu wa masika vinazila.

Kazi yenyewe si ngumu, ila ina utaratibu wake. Karatasi yenye maandishi inatosha kuskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi. Picha ya kawaida nukta 600. Stempu au picha ya pasipoti nukta 1200. Picha iliyochapwa gazetini au kwenye kalenda imeundwa kwa vitone vidogovidogo. Ukiiskani kwa nukta chache hutoka na mawimbi, hivyo nayo ipewe 600.

Asiye na skana atumie simu. Laza karatasi mezani karibu na dirisha, pasipo jua kali, zima mwanga wa kamera, na shika simu juu yake sambamba, isiinamie upande. Picha iliyonata kwenye kioo cha fremu au kwenye albamu usiibandue. Ipige hapohapo ilipo. Usiifute kwa maji wala usiipeleke kufunikwa plastiki. Na ukitutumia kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, maana ikitumwa kama picha hupunguzwa ubora.

Lakini ndugu zetu, mashine haijui jina la mtu. Picha safi ya watu kumi wasiojulikana itamsaidia nini mjukuu? Kwa hiyo kila kitu tutakinakili mbele na nyuma, kwa sababu nyuma ndiko kwenye muhuri wa studio na maandishi ya mkono. Kisha tutakaa na mwenyewe atuambie: huyu nani, wapi, mwaka gani. Majibu yake yataandikwa pamoja na namba ya faili. Sehemu hii haiwezi kusubiri. Skana tunaweza kuinunua hata mwakani, lakini mzee anayewajua watu wale kwa majina hatuna uhakika wa kuwa naye mwakani.

Tunaomba michango kwa ajili ya skana moja ya bapa, diski mbili za kuhifadhia zitakazokaa nyumba mbili tofauti, na posho ya vijana watakaopita mtaa kwa mtaa. Nakala moja itabaki kwenye diski ya kwanza, moja kwenye ya pili, na moja itarudi kwa mwenye mali.

Tunajua wapo wenye wasiwasi, na wana haki. Karatasi asilia hazitachukuliwa. Zitanakiliwa mwenyewe akiwepo na kurudishwa mkononi mwake. Hakuna picha ya familia itakayoonyeshwa hadharani bila ridhaa ya wenyewe. Na majalada ya santuri yana wenye haki zao chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Sisi tunatunza kumbukumbu, hatuchapishi fulana za kuuza.

Asiye na fedha leo bado ana cha kuchangia. Akifika nyumbani afungue sanduku, achukue penseli laini, si kalamu ya wino, na nyuma ya kila picha aandike taratibu majina anayoyakumbuka. Kama hakumbuki, ampelekee mama, shangazi au babu wiki hii hii.

Karibuni mezani kwa mweka hazina.