Nembo ya bwana imo, jina la fundi halimo



Leo tuzungumze juu ya mazulia ya Hispania. Zamani sehemu kubwa ya nchi hiyo ilitawaliwa na Waislamu. Kufikia mwisho wa karne ya 13, wafalme Wakristo walikuwa wameteka karibu nchi yote. Lakini Waislamu wengi hawakuondoka. Walibaki kwao, wakalima na kufanya kazi za ufundi chini ya watawala wapya.

Miongoni mwao walikuwemo wafumaji wa mazulia. Miji ya Letur na Alcaraz ilisifika kwa kazi hiyo. Walitumia sufu ya kondoo. Kila fundo lilifungwa kwa mkono, tena kwenye uzi mmoja tu wa mtande. Kwingineko fundo hushika nyuzi mbili. Kazi ya subira hiyo, ndugu zangu!

Je, wateja walikuwa nani? Walikuwemo Wakristo wakubwa. Katika karne ya 15 ukoo wa Enríquez, wakuu wa jeshi la majini la Castile, waliagiza mazulia. Malkia María wa Aragon naye aliagiza. Basi mafundi walifuma nakshi zao za Kiislamu, na katikati yake wakaweka nembo za mabwana Wakristo.

Pembeni mwa baadhi ya mazulia hayo kuna alama kama herufi za Kiarabu. Ukijaribu kuzisoma, hupati neno. Ni pambo tu. Sisi tuliosoma ukubwani tunalijua jambo hili. Kabla ya kisomo, herufi zote kwetu zilikuwa pambo.

Mwaka 1502 Waislamu wa Castile waliamriwa kubatizwa au kuhama. Wengi walibatizwa. Hata hivyo, kati ya 1609 na 1614 wazao wa Waislamu waliobatizwa nao walifukuzwa Hispania, watu wapatao 300,000. Zulia lilipendwa, aliyelifuma hakupendwa.

Leo baadhi ya mazulia hayo yamo katika majumba ya makumbusho, hata huko Marekani. Nembo ya Enríquez inaonekana wazi. Fundi je? Jina lake halimo.

Basi ndugu, tukisuka mkeka, tukichonga kiti, tukiuza kazi yetu kwa mkubwa au mdogo, tuandike majina yetu. Kalamu sasa tunayo.