MBWA WA MMOJA, HASARA YA WOTE: FEDHA ZA UMMA KWA KUHASI NA KUCHANJA MBWA



Mkulima wa pamba wa Shinyanga hufuga mbwa alinde ng'ombe na mji wake. Mchimbaji mdogo wa Geita hufuga mbwa alinde duara na mali yake. Dhahabu ikiisha, mchimbaji huhamia machimbo mengine, na mara nyingine mbwa hubaki nyuma akizaana na kuishi kwa makombo. Mbwa huyo akipata kichaa hachagui amwume nani, na mtoto wa jirani ndiye aliye karibu.

Inakadiriwa kwamba watu wapatao 1,500 hufa kwa kichaa cha mbwa nchini Tanzania kila mwaka. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Aliyeumwa hana budi kuosha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha kwenda hospitali siku ile ile. Lakini chanjo ya binadamu ni ghali kupita chanjo ya mbwa, na haipatikani katika kila zahanati.

Uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi, Tanzania ikiwamo, umeonyesha kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa kila mwaka ugonjwa hukatika. Kuwaua mbwa ovyo hakuukomeshi, kwani mahali pa waliouawa huchukuliwa na wengine wasiochanjwa.

Hapa ndipo kuhasi kunapoingia. Chukua mfano wa kijiji chenye mbwa 100, na 70 wamechanjwa. Katika mwaka mmoja, 20 kati ya waliochanjwa wafe na watoto 30 wazaliwe. Mbwa sasa ni 110 na waliochanjwa ni 50, yaani chini ya nusu. Kama majike mengi yangalikuwa yametolewa kizazi na watoto wakawa 10 tu, mbwa wangalikuwa 90, na wale 50 wangalizidi nusu. Basi kuhasi hakuchukui mahali pa chanjo. Hufanya kazi ya chanjo idumu.

Swali ni nani alipe. Upasuaji huu ni kazi ya daktari wa mifugo, kwa nusukaputi na vyombo safi. Si kazi ya mtu mwenye wembe. Si kila mwenye mbwa anaweza kuugharimia, tena faida yake huwaendea majirani wote. Jambo ambalo faida yake ni ya wote haliwezi kuachiwa mfuko wa mmoja. Mjini N'Djamena, nchini Chad, chanjo ya mbwa iliyotolewa kwa malipo mwaka 2006 ilifikia takriban robo tu ya mbwa. Ilipotolewa bure mwaka 2012 na 2013, ilifikia asilimia 70. Katika jimbo la New Hampshire, Marekani, tangu mwaka 1994 nyongeza ndogo katika ada ya leseni ya mbwa imelipia sehemu kubwa ya gharama za kuhasi wanyama wa wenye kipato kidogo.

Yafaa pia kukumbuka Pemba. Chanjo iliukomesha ugonjwa kisiwani humo mwaka 2014. Lakini mwaka 2016 uliingia tena, ikabidi kuchanja upya hadi ulipokoma mwaka 2018. Fedha ya mara moja haitoshi.

Katika mikoa hii fedha za kuombwa zipo. Sheria ya Madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inamtaka mwenye leseni ya madini aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Fedha hizo zimezoea kujenga madarasa na zahanati, nayo ni mambo mema. Lakini kijiji kisichoomba huduma ya mbwa hakitaandikwa katika mpango.

Kwa hiyo kila Katibu anashauriwa afanye haya. Kwanza, pamoja na wenyeviti wa vitongoji, ahesabu mbwa wote, madume na majike, waliochanjwa na wasiochanjwa. Pili, aorodheshe watu walioumwa katika mwaka uliopita. Tatu, apate makadirio ya gharama kutoka kwa ofisa mifugo. Nne, apeleke ombi katika mkutano wa kijiji na Kamati ya Maendeleo ya Kata mapema, kabla bajeti ya halmashauri haijafungwa, kwa kuwa mwaka wa fedha huanza Julai 1.

Ruzuku ikipatikana kupitia chama, ifunguliwe daftari lake peke yake, kila mbwa aandikwe na jina la mwenyewe, na kila malipo yawe na stakabadhi. Isichanganywe kamwe na fedha za mauzo ya pamba. Wala chama kisitoe fedha zake chenyewe bila idhini ya Mkutano Mkuu.

Kujali jamii ni mojawapo ya misingi saba ya ushirika. Chama kilichozoea kuhesabu kilo za pamba hakitashindwa kuhesabu mbwa.