Neno kwa vijana wa Dilolo wanaoandika programu pamoja: «Dilolo» gani?



Mtu akiandika ndani ya programu neno moja tu, «dilolo», anataka kusema nini? Hapa kwetu iko Dilolo Gare, iko Dilolo Poste, na iko teritwari nzima. Ziwa Dilolo, lile liko ng'ambo, Angola. Sisi tunaelewana sababu tunaongea uso kwa uso. Lakini mwenzetu wa Kolwezi anayeongeza kipande chake usiku, hatuko pembeni yake, na mashini haiulizi maswali.

Kuna wanaosema: jina ni jina tu, bora programu itembee. Hapana, bana.

Tuchukue redevansi ya migodi, zile feza kampuni zinalipa juu ya madini yanayotoka Lualaba. Sheria ya migodi ya mwaka 2018 inazigawanya hivi: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa ETD ambamo madini yanachimbwa, 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Sasa vijana wanne wanatengeneza programu ya kufuata feza hizo. Mmoja anaita kipande chake «redevance», ndani anaweka jumla yote. Wa pili anakuta jina hilo, anaamini ni ile sehemu ya ETD, anaitumia. Programu haikatai! Inatoa namba safi kabisa, karibu mara saba ya ile inayotakiwa. Siku tunaisoma mbele ya watu, yule aliyekula feza atacheka: «Hawa hata kuhesabu hawajui.» Na siku hiyo haki inakuwa upande wake.

Tena teritwari siyo ETD. ETD ni mji, komini, sekta na sheferi. Kwa hiyo anayeandika «etd_dilolo» akifikiri teritwari, anabisha mlango ambao sheria haikuweka feza.

Andikeni «redevance_jumla», andikeni «redevance_sehemu_ya_etd». Ni ndefu? Iwe ndefu. Lakini 15 musiitie ndani ya jina: sheria ikibadilika, jina litasema uongo. Kipimo, ndiyo, kiwekeni: dola ao franga, tani za mawe ao tani za shaba yenyewe. Mwaka 1999 Wamarekani walipoteza chombo chao karibu na sayari ya Mars, sababu programu moja ilitoa hesabu kwa vipimo vya pauni, na wengine waliisoma kama vipimo vya newton. Wale walikuwa wataalamu wa NASA.

Kifaransa ao Kiswahili? Sisi tunaona hivi: neno la sheria libaki kama sheria inavyoliandika, ili mtu aweze kulitafuta ndani yake. Mengine yote, Kiswahili. Ila «kodi» muliache kabisa: mmoja atasoma ushuru, mwingine atasoma msimbo wa programu.

Kuanzia leo, kipande hakiingii katika kazi ya pamoja mpaka mtu ambaye hakukiandika asome jina peke yake, aeleze kinafanya nini. Akikosea, tunabadilisha jina, hatumgombezi mtu. Tutaanza na faili ya mapato. Mule iko «data», iko «data2», na iko «data_ya_mwisho_kweli».