Mapatano Kabla ya Mashtaka

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Bodi katika Mkutano Mkuu wa kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Siku kama ya leo watu hupenda kuhesabu maghala waliyoyajenga na magari waliyoyanunua. Hayo yamekwisha elezwa na wenzetu walionena kabla yetu, nasi twashukuru. Sisi tumeombwa kusema juu ya jambo lisilopigiwa ngoma, nalo ni namna ya kumaliza ugomvi wa biashara pasipo kukimbilia mahakamani. Tumeona vyema tuanze na kosa letu wenyewe, kwa kuwa wengi wenu mlioko hapa mliumia kwa ajili yake.

Mtakumbuka msimu wa mwaka 2019. Tuliuza alizeti yetu kwa kampuni moja ya kukamua mafuta, ambayo jina lake hatutalitaja. Mkataba ulikuwa wa kurasa mbili. Ulieleza uzito, bei na siku ya kulipa, lakini haukusema neno lo lote juu ya nini kifanyike endapo malipo yatachelewa au watu watagombana. Siku ya kulipa ikapita. Tukaandika barua, tusijibiwe. Baada ya miezi miwili mkurugenzi wa kampuni akaja ofisini kwetu, akakiri deni, akaomba alipe kwa mafungu katika muda wa mwaka mmoja. Sisi wa Bodi tulikuwa na hasira, nanyi mlikuwa na hasira zaidi, tena kwa haki, maana shule zilikuwa karibu kufunguliwa na watoto hawana sare. Hatukumwuliza hata hesabu zake. Tulimwambia tutaonana mahakamani.

Shauri likafunguliwa, likaahirishwa mara nne. Kabla halijasikilizwa, Mahakama Kuu ikaamuru kampuni ile ifilisiwe kwa ombi la mdai mwingine. Tangu hapo shauri letu halikuweza kuendelea bila ruhusa ya Mahakama, nasi tukaambiwa tupeleke madai yetu kwa mfilisi pamoja na wadai wenzetu. Ndipo tulipojifunza kwamba wadai wana safu yao. Mwenye kushika mitambo kwa rehani huchukua chake kwanza katika mitambo hiyo. Gharama za ufilisi, na kodi na mishahara ambayo sheria imeipa kipaumbele, nazo hulipwa kabla yetu. Mkulima aliyetoa mali kwa kuaminiana, bila dhamana, husimama karibu na mwisho wa safu. Kilichotufikia hakikutosha hata kulipia magunia.

Je, kama tungalikaa na mkurugenzi yule tungalipata haki yetu yote? Hatuwezi kuapa. Lakini wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili, na sisi tuliikataa nusu pasipo kuipima.

Ndugu wanachama, njia za kumaliza ugomvi nje ya mahakama ni tatu, wala zisichanganywe. Ya kwanza ni majadiliano: mdai na mdaiwa hukaa peke yao na daftari zao. Ya pili ni usuluhishi: huitwa mtu wa tatu asiyekuwa na upande, naye husaidia watu kukubaliana, lakini hana amri juu yao. Ya tatu ni uamuzi: watu hukubali kwa maandishi kwamba mwamuzi waliyemchagua atasikiliza pande zote mbili na kukata shauri, na neno lake litawafunga. Katika Tanzania njia hii ya tatu inaongozwa na Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020, iliyochukua mahali pa sheria ya zamani ya mwaka 1931. Tuzo ya mwamuzi yaweza kutekelezwa kwa ruhusa ya mahakama kama hukumu, na kuipinga huwezekana kwa sababu chache tu zilizotajwa na sheria.

Wengine watauliza, je, Mrajis hawezi kutuamulia? Tuelewane hapa. Migogoro ya ndani ya ushirika, kama ya mwanachama na chama chake, ina njia yake chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013: kwanza kupatana, kisha kwa Mrajis. Bali mnunuzi wa nje si mwanachama wetu. Yeye hufungwa na kile tu alichotia sahihi. Ikiwa mkataba umenyamaza, hatuna la kumshika ila mashtaka.

Sasa tufike kwenye kufilisika, ambako ndiko tulikoumia. Mwamuzi hukata ugomvi wa watu wawili. Kufilisika ni jambo la watu wengi. Tuzo ya mwamuzi yaweza kuthibitisha kwamba twadai kiasi fulani, lakini haitusogezi mbele katika safu. Tena mdaiwa aliye ukingoni akimlipa mdai mmoja kwa upendeleo, malipo hayo yaweza kutenguliwa baadaye. Kwa hiyo mapatano ya maana katika hali hiyo ni ya wadai wote pamoja. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 imeacha mlango huo wazi: wadai huitwa katika mkutano, na wengi wao wenye robo tatu ya thamani ya madai wakikubali mpango wa kulipwa, na Mahakama ikiuidhinisha, mpango huwafunga hata waliokataa. Kampuni ikiendelea kukamua, huenda ikalipa pole pole. Ikifungwa, mitambo huuzwa kwa bei ya chuma chakavu. Mlango huo hatukuugonga, wala hatukumtafuta mwenye malori na mwenye magunia ambao nao walikuwa wakidai.

Hatusemi kwamba mahakama haina kazi. Mdaiwa akianza kuficha mali au kuihamisha, hatuna budi kukimbilia amri ya mahakama siku ile ile. Wala hatusemi kila ahadi ya mafungu ikubaliwe. Asiyetaka kuonyesha hesabu zake hatafuti mapatano, anatafuta muda.

Kwa hiyo Bodi yawaomba wajumbe wakubali kwamba tangu msimu ujao kila mkataba wa kuuza mazao uwe na mambo manne. Kwanza, malipo yakichelewa, mnunuzi na Chama wakutane katika siku saba, naye aje na hesabu zake. Pili, wasipoelewana katika siku kumi na nne, aitwe msuluhishi. Tatu, akishindwa, shauri likatwe na mwamuzi mmoja, katika wilaya yetu na kwa Kiswahili, na mkataba ueleze atachaguliwaje na nani atamlipa. Nne, mali isitoke ghalani kabla ya kuwapo malipo au dhamana ya benki. Hili la nne ndilo kubwa, maana mapatano yote ni dhaifu mbele ya mtu aliyekwisha filisika.

Nakala ya kila mkataba ibandikwe katika ofisi ya chama cha msingi, ausome kila mwanachama. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na mkataba uliofungiwa kabatini ni daftari lisilosomwa.

Miaka kumi imetufundisha kulima, kupima na kuuza. Na itufundishe pia kukaa kitako na mtu tunayemdai, tukiwa na karatasi mkononi na hasira tumeiacha mlangoni. Wale waliokosa fedha zao za mwaka 2019 tunawaomba radhi mbele ya mkutano huu. Hatuwezi kuwarudishia msimu ule. Twaweza kuhakikisha kwamba hatutatia sahihi mkataba mwingine kama ule.