Kilomita Laki Mbili na Zaidi
(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya jamaa waliokutana Sydney)



Kamati imenitaka niseme juu ya jambo linalotoa fedha katika mfuko wetu wa kusaidiana kuliko hata harusi, nalo ni ununuzi wa gari lililokwisha kutembea sana. Nimeshika spana tangu gereji za Shimanzi hadi hizi za magharibi ya Sydney, kwa hivyo mtaniwia radhi nikisema kwa lugha ya gereji.

Mgeni wa mji huu hupata kazi kabla ya kupata gari. Kazi zenyewe, za kuwatunza wazee, za maghala na za kusafisha ofisi, nyingi huanza alfajiri, ilhali treni hulala usiku wa manane na kuachia mabasi machache. Bila ya gari kazi haikai. Fedha iliyopo mkononi ni dola elfu tano au sita, tena nusu yake ni ya mfuko huu, na kwa fedha hiyo magari mengi mtakayooneshwa yamekwisha kupita kilomita laki mbili.

Hapo ndipo penye hatari, kwani sheria ya New South Wales imepiga mstari. Ukinunua kwa mfanyabiashara mwenye leseni gari ambalo halijafikisha miaka kumi wala kilomita 160,000, atalidhamini kwa miezi mitatu au kilomita 5,000, lolote litakalotangulia. Likishavuka mstari huo, dhamana hiyo haipo tena. Ni kweli kwamba Sheria ya Walaji ya Australia, iliyoanza mwaka 2011, humtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaolingana na umri na bei yake. Lakini kuidai haki hiyo ni safari ndefu kwa mtu anayetakiwa kazini kesho. Na ukinunua kwa mtu binafsi, aliyeliegesha gari mbele ya nyumba yake, dhamana ya sheria hizo huna. Sisi basi hununua ng'ambo ya mstari, na mlinzi wetu huko ni macho yetu wenyewe.

Wengi huegemea karatasi ya pinki, yaani cheti cha ukaguzi kitakiwacho kila mwaka kwa gari lililozidi miaka mitano. Cheti hicho ni cha usalama: breki, tairi, taa, usukani, mikanda. Hakipimi uzima wa injini ndani. Gari laweza kukipata Jumatatu, na injini ikafa Alhamisi, wala mkaguzi asiwe na lawama.

Nije kwenye kilomita zenyewe. Mpwa wangu mmoja, anayefanya kazi katika nyumba ya wazee, alikuwa na magari mawili ya kuchagua. La kwanza, Corolla, lilisoma kilomita 131,000. Halikuwa na kitabu cha huduma, injini ilikuwa imeoshwa ikang'ara, na tulipofika boneti ilikuwa ya moto ijapokuwa tuliagana na mwenyewe asiliwashe. La pili, Camry, lilisoma 268,000. Wenyewe walikuwa mume na mke wazee, waliokuwa wakienda Dubbo kumtazama binti yao, mwendo wa takriban kilomita 390 kwenda tu, na walikuwa na faili la risiti za kubadilisha oili tangu mwanzo. Binti alilitaka la kwanza. Mashangazi zake wa Mombasa, kwa simu, nao wakalitaka la kwanza. Nikamwambia, "Mwanangu, namba hiyo inakwambia gari limekwenda wapi, haikwambii lilitunzwa vipi." Tukanunua la pili kwa dola 5,400. Gharama hazikukosekana: pampu ya maji ilikufa mwaka wa kwanza, na alternata mwaka uliofuata. Injini haijafunguliwa hata leo. Lile la kwanza sijui liliishia wapi, nami sidai kwamba lilikufa. Nasema tu kwamba hapakuwa na njia ya kulijua.

Kilomita za barabara kuu ni nyepesi. Injini hupata joto lake na kukaa nalo, na oili huzunguka ipasavyo. Gari la kupeleka mtoto shule na kurudi, dakika tano tano, huzimwa kabla injini haijapata moto. Maji na petroli hujichanganya na oili, na lisipobadilishiwa oili mapema injini huchakaa huku mita ikisoma kidogo.

Kwa hivyo nendeni asubuhi, na mwombeni mwenyewe asiliwashe. Wekeni mkono juu ya boneti; ikiwa ya moto, ulizeni kwa nini, au rudini siku nyingine. Fungueni kifuniko cha oili. Utando mweupe kidogo katika majira ya baridi waweza kuwa unyevu tu, lakini uji mzito mweupe ni maji yaliyoingia penye oili, na masizi meusi mazito kama lami ni oili iliyosahauliwa. Tazameni maji ya rejeta injini ikiwa baridi, kamwe si ikiwa ya moto: yawe na rangi safi ya dawa yake, yasiwe ya kutu. Jambo hili msilipuuze. Penrith ilifika nyuzi 48.9 tarehe 4 Januari 2020, na gari lenye rejeta mbovu likikwama katika msongamano siku kama hiyo, silinda hedi ya alumini hupinda.

Kisha liwashwe, nanyi msimame nyuma. Moshi wa bluu ni oili inayoungua: ukitoka mara ya kuwasha kisha ukaisha, mara nyingi ni sili za valvu, na huo mtu aweza kuishi nao, ukitoka kila mkanyagapo mafuta, ni ringi za pistoni, achaneni nalo. Moshi mweupe usiokwisha, wenye harufu tamu, ni gasketi ya hedi. Mvuke mwembamba wa asubuhi ya baridi si kitu.

Liendesheni nusu saa nzima, si kuzunguka mtaa. Mimi hupenda kushika M4 kuelekea Blue Mountains na kupanda kilima cha Lapstone, huku nikitazama mshale wa joto. Mzunguko wa mtaani haujawahi kufichua rejeta.

Kama injini hutumia mkanda wa taimingi, ombeni risiti ya kuubadilisha. Katika injini nyingi ukikatika pistoni hugonga valvu, na hapo gharama hupita bei ya gari. Hakuna risiti? Hesabuni kwamba haujabadilishwa, mpunguze bei. Mwisho mlipeni fundi asiyemjua mwuzaji apime mgandamizo wa kila silinda. Silinda zote zikikaribiana, hata kama zimeshuka kidogo, injini ina umri. Moja ikiachana na wenzake, ina ugonjwa.

Kabla ya kutoa fedha, chukueni nambari ya chasisi mkaitazame katika daftari la taifa liitwalo PPSR, lililofunguliwa mwaka 2012. Ada yake ni dola mbili katika tovuti ya serikali. Zipo nyingine zinazotoza zaidi. Deni la gari likiwa limeandikwa humo, mdai aweza kuja kulichukua mlangoni kwenu. Tena wekeni akiba: ushuru wa serikali ni dola 3 kwa kila dola 100 kwa magari ya bei zetu, na gari liandikishwe kwa jina lenu ndani ya siku 14.

Ombi langu kwa Kamati ni kwamba mfuko usitoe mkopo wa gari kabla ya kuona karatasi ya PPSR na barua ya fundi. Nao vijana wanaotaka kujifunza, kesho saa moja asubuhi nitakuwa penye maegesho, na gari langu litakuwa limelala usiku kucha.