Mizinga ya Mau

Leo tuko Msitu wa Mau, Kenya, nyumbani kwa Waogiek.

Mwogiek huchonga mzinga wa gogo la mtarakwa, kisha huupandisha juu mtini. Asali yake ni chakula, ni dawa, ni sehemu ya mahari. Sasa mwondoe msituni: mtoto atajifunzia wapi ni maua gani huwavuta nyuki, na bibi atachuma wapi magome ya dawa?

Oktoba 2009 serikali iliwapa Waogiek siku 30 wahame. Kesi yao ilipofika mahakamani, mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Kenya ilivunja haki zao za ardhi, dini na utamaduni. Juni 2022 ikaagiza walipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 157 za Kenya na, kubwa kuliko fedha, wapewe hati ya kumiliki ardhi yao kwa pamoja.

Hata hivyo, Novemba 2023 nyumba zao zilibomolewa tena. Inauma sana.

Kama jamii yenu nchini Kenya ina ardhi ya pamoja, msingoje. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inawaruhusu kuisajili: iteni mkutano, chagueni kamati, orodhesheni wanajamii, kisha mwoneni msajili wa ardhi ya jamii.